Soko la Kampala lina saa yake: mwongozo kwa mnunuzi anayezungumza Kiswahili

Watu wanaohamia Kampala kutoka Goma, Bukoba, Mombasa au Bujumbura huniuliza soko gani ni nafuu. Jibu langu halibadiliki: unafuu uko kwenye saa kuliko kwenye soko. Nyanya iliyoshushwa kutoka kwenye lori pale Kalerwe alfajiri, ikifika Nakasero saa nne asubuhi imeshapita mikono ya watu kadhaa, na kila mmoja ameongeza chake. Ukijua mzigo unaingia wapi na saa ngapi, huna haja ya kubishana na mtu juu ya bei.

Mimi ni mtu wa Bombo, barabara ya Gulu. Nimelelewa kwa Kinubi na Kiswahili, na kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: harusi, maulidi, hitima, mahafali ya watoto wa chuo. Siku za shughuli naingia sokoni na orodha ndefu na mchukuzi nyuma yangu, siku nyingine naingia na kikapu kimoja kama mama yeyote. Haya nayaandika kwa yule anayenunua chakula cha nyumba yake, ambaye Kiganda hakijamkaa mdomoni bado, na ambaye amechoka kurudi nyumbani akihisi kwamba amelipa zaidi ya jirani yake.

Salamu kabla ya Kiswahili

Kiswahili kitakufikisha mbali sokoni. Kisenyi, kwenye maduka ya Wasomali na mashine za kusaga mahindi, utafanya ununuzi wako wote bila kuhitaji lugha nyingine. Kwenye soko la Owino wamejaa wachuuzi kutoka kaskazini, West Nile na Busia, na wengi watakujibu bila shida. Hata hivyo anza na salamu ya Kiganda. Miaka ya 1970 na 1980 watu wengi hapa walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na askari wenye bunduki, na wapo wazee ambao mpaka leo hushtuka kidogo wakiitwa kwa lugha hiyo. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Vijana wanakipenda. Lakini mama mtu mzima anayekuuzia mboga ana kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zinastahili heshima.

Kwa hiyo sema "Gyebale ko, nnyabo" kwa mwanamke, au "Gyebale ko, ssebo" kwa mwanamume. Subiri akujibu. Usiunganishe salamu na bei kwa pumzi moja, maana hapo unakuwa hujasalimia. Akishajibu, endelea na Kiswahili chako taratibu, naye atakusaidia, au atamwita mwenzake anayekijua.

Halafu jifunze hesabu, kwa sababu bei utatajiwa kwa Kiganda hata kama mazungumzo yote mengine ni ya Kiswahili. Ziko chache tu za kushika: kikumi ni 100, bitaano ni 500, lukumi ni 1,000, nkumi bbiri ni 2,000, nkumi ttaano ni 5,000, na mutwalo ni 10,000. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapoteza wageni wengi, kwa sababu sisi tumezoea kuhesabu kwa elfu mpaka laki, ilhali mchuuzi wa hapa anahesabu kwa mafungu ya elfu kumi. Ukisikia "emitwalo ebiri", hiyo ni 20,000. Kuuliza bei ni "meka?"

Beba noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Noti ya 50,000 alfajiri ni usumbufu kwa muuzaji, atazunguka meza za wenzake akitafuta chenji na wewe utasimama hapo wakati nyanya nzuri zinachukuliwa. Wengi wanapokea pesa kwa simu, ila kubalianeni kabla ni nani anabeba ada ya kutoa.

Uliza kipimo, ndipo uulize bei

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kampala chakula kinauzwa kwa fungu, kwa kopo, kwa beseni, kwa debe, kwa mkungu, kwa kilo na kwa gunia, na mara nyingi kitu kile kile kinauzwa kwa vipimo viwili tofauti kwenye meza zinazopakana. Viazi vya huyu ni beseni, vya yule ni kilo. Ukiuliza bei tu utaona mmoja ni rahisi, na pengine siye.

Fungu lina ufundi wake. Nyanya kubwa nyekundu hukaa juu na mbele, ndogo na zenye michubuko hukaa chini na nyuma. Huo ndio upangaji wa biashara, usiuchukulie kama wizi. Omba fungu lako limiminwe kwenye kikapu mbele ya macho yako, na ile iliyopasuka uiombee mbadala papo hapo. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kwenye kopo na debe tazama chini: kopo lililobonyezwa kitako linapunguza kiganja kizima cha maharage, na debe lililopigwa likaingia ndani linapunguza zaidi. Kwenye mizani, hakikisha mshale uko kwenye sifuri kabla ya mzigo kuwekwa, na tafuta stika ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ambalo hukagua mizani za biashara.

Ukishajua kipimo, jua pia kwamba chakula na nguo havina mazungumzo ya aina moja. Kwenye nguo bei inashuka. Kwenye chakula bei haishuki sana, kipimo ndicho kinachoongezeka. Badala ya kumwambia mama akupunguzie 200 kwenye fungu la 1,000, mwambie akupe nyongeza, neno ambalo kila mchuuzi hapa analielewa. Atakutupia nyanya mbili, kitunguu kimoja, kishada cha dodo, yaani mchicha. Umepata zaidi ya zile 200, naye hajavunja bei yake mbele ya wenzake.

Mwaka 2020, wakati wa korona, wauza chakula wa masoko haya waliagizwa walale sokoni ili wasipeleke ugonjwa majumbani kwao. Walilala chini, juu ya meza, ndani ya vyandarua vilivyofungwa kwenye nguzo, wiki baada ya wiki, ili mji upate kula. Nikikumbuka hayo, kubishana nao juu ya shilingi 200 kunanishinda.

Jambo moja zaidi kuhusu asubuhi. Mnunuzi wa kwanza anafungua biashara ya siku, na wachuuzi wengi wanalichukulia hilo kwa uzito. Ukiwa wa kwanza mezani, usianze mazungumzo ya bei kama huna nia ya kununua. Ukinunua, hata kidogo, utapata bei nzuri, na utakumbukwa.

Kalerwe, kabla jua halijachomoza

Kalerwe iko barabara ya Gayaza, pale inapokutana na barabara ya mzunguko ya kaskazini. Kwa mboga na vyakula vya kila siku, hapa ndipo ninapompeleka mgeni kwanza. Fika saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri. Malori yanashusha viazi mbatata vya Kabale na Kisoro, kabichi, karoti, vitunguu, mananasi ya Luweero na Kayunga, machungwa ya Teso yakiwa msimu wake. Wanunuzi wa saa hiyo wengi ni wachuuzi wenyewe wanaopeleka mitaani kwao, na bei wanayopewa wao utapewa na wewe, mradi unachukua kwa beseni au debe. Kama familia yako ni ndogo, ungana na jirani wawili mgawane.

Vaa viatu vya kufunga au gambuti. Mvua ikinyesha, matope ya Kalerwe hayana mchezo, na mfereji ulio jirani hufurika. Siku ya mvua kubwa mimi siendi.

Kuhusu matooke, ndizi za kupika, nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho chakula cha hapa na ndicho kinachowasumbua wageni. Haziuzwi kwa mizani, unaupa mkungu bei kwa macho, na macho yanahitaji kufundishwa. Shika ndizi moja katikati ya mkungu. Iliyokomaa imejaa na kingo zake zimeanza kuwa mviringo. Changa ina kingo kali zinazoonekana wazi, na ukiipika inabaki ngumu, haipondeki hata uikandamize vipi ndani ya majani. Kisha geuza mkungu utazame pale ulipokatwa. Panapokuwa peupe na utomvu bado unatoka, umekatwa karibuni. Panapokuwa peusi na pamekauka, mkungu umekaa sana njiani kutoka Masaka, Mbarara au Isingiro, na baada ya siku mbili utaiva njano jikoni kwako. Mwisho pitisha mkono upande uliolaliwa kwenye lori, maana ndizi zilizobanwa huwa na mabaka meusi na ndani yake huwa na sehemu ngumu.

Uliza jina lake. Nakitembe na kibuzi ni laini na zina harufu nzuri zikiiva kwa mvuke, na mpologoma ina ndizi kubwa zinazojaza sahani. Jihadhari na mbidde, ndizi za kukamulia pombe. Mkungu wake kwa mgeni hauna tofauti na mwingine, ila ukiupika ni mchungu. Gonja ni ya kuchoma au kukaanga, bogoya na ndiizi ni za kula mbivu. Kama huhitaji mkungu mzima, nunua chana mbili tatu. Na usiondoke bila majani ya mgomba, yanauzwa hapo hapo yakiwa yamekunjwa. Matooke yaliyochemshwa kwenye maji bila majani yanashibisha, lakini bado hujala matooke.

Nakasero, ukitaka kuchagua

Nakasero ni soko la katikati ya mji na bei zake zinafuata wateja wake: watu wa maofisini, hoteli, wageni. Matunda yamepangwa kwa ustadi na utaitwa kutoka kila upande. Mimi siendi huko kununua viazi. Naenda kwa ajili ya vitu ambavyo kwingine havipatikani au havina uhakika: iliki, mdalasini, binzari nyembamba, karafuu, tangawizi mbichi nzuri, nazi zinazotoka pwani. Viungo nunua vizima, uvisage mwenyewe nyumbani. Iliki ipasue moja kwa kucha: mbegu ziwe nyeusi na zinanate kidogo, harufu ikupande puani mara moja. Ikiwa kijivu na kavu imekaa dukani muda mrefu.

Nunua kuku pia, kama huna muda wa kwenda mbali. Kuku mzima humtazami unene wake tu. Mshike kwa mabawa, akupe ubishi. Anayelegea mkononi ana ugonjwa au amechoka na safari, na mdondo ukiingia kwenye tenga wote wanaondoka. Macho yawe wazi na makavu, pua isitoe ute, manyoya ya nyuma yawe safi. Papasa mfupa wa kifua: ukichoma kidole chako, kuku ni mifupa mitupu. Wako vijana wa kuchinja na kunyonyoa hapo hapo. Sisi Waislamu tunauliza nani anachinja, na kuuliza huko hakumkeri mtu, wamezoea.

Nyama ya shughuli sinunui Nakasero. Machinjio ya mji yako barabara ya Old Port Bell, na ukifika alfajiri utapata mbuzi, utumbo, kichwa na miguu kwa bei ambayo bucha ya mtaani haiwezi kukupa.

Owino na majirani zake

Jina rasmi ni St. Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyeuawa mwaka 1885 wakati wa Kabaka Mwanga. Mtaani kila mtu anasema Owino. Soko hili limeungua vibaya zaidi ya mara moja, mwaka 2009 na tena 2011, na wachuuzi wakajenga upya kwa mikono yao. Njia za ndani ni nyembamba na zimefunikwa juu, kwa hiyo ukiingia, angalia umeingilia upande gani: uwanja wa Nakivubo uko wapi, stendi za teksi, yaani matatu au daladala za hapa, ziko wapi. Ukipotea muulize mama anayeuza chakula, naye atakuelekeza bila kutaka kitu.

Wengi wanakuja hapa kwa mitumba. Njoo asubuhi marobota yanapofunguliwa, maana wenye maduka ya nguo huchagua mapema na jioni yanabaki mabaki. Vaa nguo nyepesi inayobana mwili ili uweze kujaribu juu yake. Geuza nguo ndani nje: kwapa, mshono wa katikati, zipu, kola. Peleka kwenye mwanga wa nje kabla ya kulipa, maana chini ya paa la Owino bluu na nyeusi ni rangi moja. Bei aliyotaja kwanza ni ya kuanzia mazungumzo. Jibu nusu yake, kwa tabasamu, na mtakutana katikati. Mafundi cherehani wako ndani ya soko, watakupunguzia kiuno au kukata pindo ukiwa umesimama.

Lakini Owino pia ni soko la chakula kikavu, na hilo wageni wengi hawalijui. Karanga, ufuta wa Lango na Acholi, maharage ya rangi zote, mukene ambao Watanzania wanawaita dagaa. Karanga za mchuzi chagua mwenyewe punje kwa punje kwenye kiganja: zilizosinyaa au zenye unga wa kijani ni ukungu, na ukungu huo una sumukuvu inayoharibu ini. Kisha simama zisagwe mbele yako. Karanga zilizokwisha kusagwa na kuwekwa kwenye beseni sinunui, kwa mtu yeyote. Mukene wawe wakavu mpaka wanavunjika, wenye rangi ya fedha. Chovya kidole kwenye vumbi lao na ulambe: mchanga utausikia kwenye meno. Walioanikwa kwenye wavu juu ya vichanja hawana mchanga, walioanikwa chini wanao, na tofauti ya bei inalipa.

Kisenyi ni mwendo mfupi kwa mguu. Unga wa posho, yaani ugali, nunua mashineni, ukiwa bado wa moto. Mchele wa pilau ninaununua huko, na ninaujaribu hivi: ninasugua mchele wa kujaa kiganja kimoja baina ya mikono. Mikono ikitoka na vumbi jeupe jingi, umekobolewa vibaya au umechanganywa. Kisha nauma punje mbili. Mchele uliokaa ukakauka unavunjika kwa sauti, na huo ndio unaochambuka kwenye pilau. Mpya unalainika menoni na utakupa bokoboko. Kabla ya kuchukua gunia, nunua kilo moja ukapike nyumbani. Muuzaji aliyeuamini mchele wake atakuambia urudi kesho.

Kikuubo ni mtaa wa maduka ya jumla: sukari, mafuta, sabuni, biskuti, kwa katoni. Nenda mapema, sogea pembeni ukisikia wachukuzi wanapiga kelele nyuma yako, na usisimame katikati ya njia kuhesabu pesa. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Katika eneo hili lote simu inakaa ndani ya nguo, si mfuko wa nyuma. Pesa ya kutumia weka mbali na pesa ya kurudia nyumbani. Mchukuzi kubaliana naye bei kabla hajainua mzigo, na utembee nyuma yake, usitangulie. Ukimpata mmoja mzuri, chukua namba yake. Wangu ananisubiri saa ya shughuli, na anajua masufuria yangu kuliko baadhi ya jamaa zangu.

Nje ya mji

Kwa samaki nenda Ggaba, ufukweni mwa ziwa. Teksi zinaondoka mjini mara kwa mara, na ukitaka kushuka mwambie kondakta "mu maaso awo". Asubuhi mitumbwi inarudi, na soko liko hatua chache kutoka majini. Sangara hapa ni mpuuta, sato ni ngege. Fungua shavu la samaki kwa kidole: ndani pawe pekundu kama damu mbichi. Pakiwa pa kahawia, amelala jana. Jicho liwe limejaa na linang'aa, na nyama ukiibonyeza irudi. Kataa samaki wachanga hata ukipewa kwa bei ya bure. Sangara wa chini ya inchi 20 amekatazwa kuvuliwa, na ukikamatwa naye njiani hasara ni yako. Chukua ndoo yenye kifuniko na barafu kidogo, maana kutoka Ggaba mpaka Kawempe foleni inaweza kula asubuhi yote.

Barabara ya Jinja, ukishapita Mukono, kuna Namawojjolo. Gari likipunguza mwendo tu linazingirwa na wauzaji wenye makoti yenye namba, wakinyoosha vijiti vya kuku wa kuchoma, maini, gonja. Namba ya koti ikumbuke: kama chenji imebaki au nyama haikuiva, unamtafuta kwa namba yake. Chagua kijiti kinachotoka jikoni sasa hivi, si kile kilichozungushwa kwenye madirisha ya magari tangu saa tatu. Lukaya, barabara ya Masaka, kama kilomita 100 kutoka mjini, ni mambo hayo hayo. Kabla ya kufika huko utapita Mpambire, wanakotengeneza ngoma. Kwa anayetaka ngoma ya kweli ya kupigwa harusini, anunue pale kwa fundi mwenyewe, aipige kwanza na asikilize ngozi.

Na ukielekea kaskazini, pita kwetu Bombo. Kuna kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili kinazungumzwa mpaka na watoto wadogo, na kina mama wa Kinubi wanasuka vikapu na vifuniko vya sinia ambavyo Kampala huuzwa ghali zaidi. Mbele zaidi, Luweero, mananasi yamepangwa kando ya barabara. Nusa kitako cha nanasi: lisilonukia chini halina sukari, hata kama ganda lina rangi ya dhahabu.

Misimu

Nsenene, panzi wa kuliwa, huja zaidi mwezi wa Novemba na mapema Desemba, na mara nyingine tena karibu na Aprili au Mei. Waliotolewa mabawa na miguu ni ghali zaidi, lakini kama hujawahi kuwaandaa, lipa hiyo nyongeza.

Mwezi wa Ramadhani tende, mihogo na ndizi mbivu hupanda, hivyo vyakula vikavu ninavinunua Shaabani. Wiki ya Idd na wiki ya Krismasi kuku na matooke havishikiki. Nunua kuku wako wiki mbili kabla na umfuge uani. Siku zinazokaribia tarehe 3 Juni mahujaji wa Kikristo wanaokwenda Namugongo wanajaza barabara ya Jinja, kwa hiyo safari ya soko la Nakawa au ya Namawojjolo iahirishe.

Na kwa mwajiriwa anayetoka kazini usiku na hawezi hata siku moja kufika Kalerwe alfajiri: soko la Wandegeya huwa na watu na taa mpaka usiku. Mboga za saa hiyo zimenyunyiziwa maji mchana kutwa, kwa hiyo tazama mwisho wa shina palipokatwa, usitazame majani. Nyanya na vitunguu utapata, chapati na maharage ya moto utapata, na mwenye meza anayetaka kufunga atakuongezea kipimo bila kuombwa.